Fahamu: Kwa nini watoto wengi walikosa chanjo wakati wa korona

Mwaka 2020, watoto wapatao milioni 23 duniani walikosa chanjo za msingi, kwa takwimu za WHO na UNICEF. Mwaka uliofuata wakafika milioni 25.

Chanjo zenyewe mara nyingi zilikuwepo. Kilichokatika ni safari ya mzazi. Nchini Kenya kafyu ilianza Machi 2020, nauli za matatu zikapanda kwa kuwa abiria walipunguzwa, vibarua wengi wakakosa kazi. Mama mwenye mtoto wa wiki sita aliogopa kuambukizwa kwenye foleni ya kliniki. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, na si haki kumwita mzembe. Mwezi Desemba wauguzi nao waligoma, milango ya zahanati nyingi ikafungwa.

Surua haikungoja. Ili isienee, asilimia 95 ya watoto wanapaswa kuwa wamepata dozi mbili, ambazo nchini Kenya hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na 18. Pengo lilipoonekana, serikali ilifanya kampeni ya surua na rubela katikati ya 2021 kwenye kaunti 22.

Kama mwanao alirukwa, mpeleke hata sasa, na kitabu chake cha kliniki. Dozi alizopata hazipotei. Muuguzi huendelea pale alipoishia, ingawa chanjo chache, kama ya rota, zina ukomo wa umri. Kitabu kikipotea, nenda hivyo hivyo.