Likizo Unguja: Soma Haya Kabla Hujapanda Boti

Familia nyingi za Nairobi zinapopanga likizo ya Unguja hudhani kwamba kisiwa hicho ni Mombasa nyingine iliyosogezwa baharini. Kiswahili ni kile kile, pilau ni ile ile, na joto ni lile lile. Basi baba anatia kitambulisho mfukoni, mama anafunga mizigo, watoto wanapakiwa ndani ya basi na safari inaanza. Matata huwangoja mpakani.

Ni kweli kwamba Zanzibar ni sehemu ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania tangu Aprili 26, 1964. Hata hivyo, ina rais wake, ina Baraza la Wawakilishi lake, na tangu 2005 ina bendera yake. Ulinzi, sarafu na mambo ya nje ni shughuli za Muungano. Utalii, afya, elimu na ardhi ni mambo ambayo Wazanzibari hujiamulia wenyewe. Wapenzi wa kandanda watakumbuka kwamba Desemba 2017 Harambee Stars walitoka jasho jembamba mbele ya Zanzibar Heroes katika fainali ya CECAFA kule Machakos, wakaponea kwa mikwaju ya penalti baada ya sare ya mabao 2-2. Ile ilikuwa timu ya Zanzibar, si ya Tanzania Bara.

Kwako wewe mgeni, maana yake ni hii: pasipoti yako itapigwa muhuri unapoingia Tanzania Bara, na utakaposhuka boti Unguja utakuta meza nyingine ya uhamiaji ikikungoja. Usisimame hapo kubishana na afisa eti umeshakaguliwa Namanga au Horohoro. Toa pasipoti, salimia, ngoja.

Karatasi kwanza

Kitambulisho cha taifa, ambacho hukuvusha mpaka hadi Uganda na Rwanda, hakitoshi kukuingiza Tanzania. Unahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria ya Afrika Mashariki, na kila mtoto awe na yake. Viza Mkenya halipii. Mzazi anayesafiri na watoto peke yake abebe vyeti vyao vya kuzaliwa na barua ya ridhaa kutoka kwa mzazi mwenzake. Huenda asiulizwe, lakini akiulizwa usiku wa manane mpakani atashukuru kwamba anazo.

La pili ni kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa Kenya ni miongoni mwa nchi ambazo wasafiri wake huulizwa kadi hiyo. Sindano idungwe angalau siku 10 kabla ya safari. Ikiwa ulidungwa zamani na kadi imehifadhiwa vyema, usitupe pesa kudungwa tena, maana tangu Julai 2016 chanjo hiyo huhesabiwa kuwa ya maisha. Kuna watu ambao hununua kadi tupu vichochoroni ili waokoe muda. Mwandishi huyu haoni busara ya kumdanganya afisa wa afya na wakati huo huo kuuacha mwili wa mtoto bila kinga.

La tatu ni bima. Tangu Oktoba 1, 2024 serikali ya Zanzibar inatoza wageni kutoka nje ya Tanzania bima ya lazima ya dola 44 kwa mtu mzima. Kabla ya kukata tiketi, mwulize mwenye hoteli au kampuni ya usafiri ikiwa familia yako imo katika hesabu hiyo. Uliza pia kodi ya chumba inayolipwa kwa kila usiku, maana mara nyingi haimo katika bei unayotajiwa kwa simu.

Bahari haina mzaha

Kwa ndege kutoka Nairobi ni kama saa moja u nusu tu, na uwanja wa Abeid Amani Karume uko kilomita chache kutoka mjini. Lakini wengi wetu, hasa wanafunzi, tutapita njia ya basi: ama Namanga na Arusha, ama Mombasa, Lungalunga na Tanga, hadi Dar es Salaam. Usipange kufika Dar jioni na kukimbilia boti siku hiyo hiyo. Lala, upumzike, upande boti ya asubuhi. Bandarini utazongwa na vijana wanaojua kila kitu na wanaotaka kukubebea hata mkoba wa mkono. Tiketi inunuliwe dirishani mwa kampuni yenyewe, jina lako liandikwe kama lilivyo katika pasipoti.

Boti za kasi huchukua kama saa mbili. Miezi ya kusi, yaani Juni hadi Agosti, bahari huchafuka na tumbo la mtu wa bara hujua hivyo mapema. Kula chakula chepesi, kaa nyuma panapopata hewa, na umpe mtoto kipande cha tangawizi atafune.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Usiku wa Septemba 10, 2011 meli ya Spice Islander I, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama karibu na Nungwi ikiwa imepakia watu kupita kiasi kikubwa. Mamia walikufa, wengi wakiwa kina mama na watoto waliokuwa wakirudi nyumbani baada ya Idi. Kabla mwaka haujaisha tangu msiba huo, Julai 18, 2012, MV Skagit nayo ikazama ikitoka Dar. Kwa hivyo ukifika gatini ukaona watu wamebanana kama dagaa, mizigo imezagaa hadi mlangoni, na hakuna anayeweza kukuonyesha koti la kuokolea la mtoto wako, shuka. Nauli inaweza kutafutwa tena. Isitoshe, usikubali kuvushwa kwa mashua ya mtu binafsi hata akikuapia kwamba ni rahisi na kwamba hakuna maswali ya pasipoti. Hiyo ndiyo sababu hasa ya kuikataa.

Bahari inapokwenda matembezi

Ukifika, jambo linalowashangaza watu wa Nairobi zaidi ni kwamba bahari ya pwani ya mashariki, kwenye vijiji kama Paje, Jambiani na Matemwe, huondoka. Unaamka asubuhi maji yako mlangoni. Ukimaliza chai yamekwenda zake hadi karibu na mwamba, mbali kiasi kwamba watu waliosimama huko wanaonekana kama vijiti. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu huja bamvua, ambapo maji hujaa sana na kutoka sana. Katikati ya hapo ni maji mafu, yasiyopanda wala kushuka kwa kishindo.

Basi kabla ya kulipia chumba, uliza: maji yanajaa saa ngapi juma hilo? Ikiwa watoto wanataka kuogelea mchana kutwa, Nungwi na Kendwa kule kaskazini zinafaa zaidi, maana huko maji hayatoki sana. Ikiwa unapenda kutembea na kutazama, mashariki ni pazuri mno. Vaa viatu vya plastiki kwa sababu ya nungunungu wa baharini. Wala msiende mbali bila kuangalia saa, kwa maana maji hurudi kwanza kupitia mikondo iliyo nyuma yenu. Utaona kamba zimefungwa kwenye vijiti vilivyochomekwa mchangani: ni mashamba ya mwani, kazi ya kina mama wa kisiwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Usikanyage kamba zao, na usiwapige picha kabla ya kuomba ruhusa.

Kwenda huko kwa daladala ni rahisi kuliko teksi kwa mbali. Namba 116 huenda Nungwi na 505 huenda uwanja wa ndege. Mengine ni malori madogo yenye paa la mbao na viti vya kutazamana, ambayo wenyeji huyaita chai maharage. Mwenye matatu ya Nairobi hatapata cha kumtisha humo, ila muziki ni haba.

Mji Mkongwe

Tenga siku mbili za mji. Beit el Ajaib, jumba lililojengwa na Seyyid Barghash mnamo 1883, liliporomoka kwa sehemu kubwa Desemba 25, 2020 likiwa katika ukarabati, kwa hivyo usimwahidi mtoto kwamba ataingia ndani. Mpeleke Mkunazini, kwenye kanisa la Kianglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa 1873. Nje ya kanisa kuna sanamu za watumwa waliosimama shimoni, minyororo shingoni. Mwanafunzi aliyekariri misafara ya watumwa kwa ajili ya mtihani akisimama hapo hunyamaza. Mwachie dakika zake, usimkimbize kwenda kununua vinyago.

Jioni nendeni Forodhani. Kula urojo, kunywa maji ya miwa yenye tangawizi na ndimu, na jaribu kile wanachokiita pizza ya Zanzibar, ambacho ukweli ni chapati iliyofumbata mayai na nyama. Uliza bei kabla sahani haijajazwa, si baada yake. Vijana watakaokuandama wakijitolea kuwa viongozi wa safari huitwa papasi, yaani kupe, na jina hilo linatosha kukueleza. Sema "ahsante, sihitaji" mara moja, kwa upole, uendelee na safari yako.

Pesa ni shilingi za Tanzania. Moja ya Kenya hupata karibu 20 za huko. Badilisha benki au katika duka lenye leseni, kamwe si kwa wale wenye vikokotoo mpakani. Beba taslimu unapokwenda vijijini.

Ulimi na mavazi

Kiswahili ulichofundishwa shuleni kimetokana na Kiunguja, lahaja iliyoteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa 1928. Kwa hivyo utaeleweka, lakini utapimwa. "Nipe chai" ya Nairobi huko ni amri; sema "naomba chai". Mkubwa hupewa shikamoo, na watoto wako wafundishwe hivyo kabla ya safari. Mtu akila akikukaribisha, jibu "starehe". Shule huitwa skuli, na mkate wa boflo ndio ule wetu wa dukani.

Takriban watu wote wa Unguja ni Waislamu. Nguo za kuogelea ni za ufuoni. Mjini funikeni mabega na magoti, wanaume pia. Ukienda wakati wa Ramadhani, usile wala kunywa hadharani mchana. Si heshima tu, kwani mnamo 2024 polisi waliwakamata watu kadhaa kwa kosa hilo. Kuhusu siasa, sikiliza zaidi ya unavyosema. Mivutano ya uchaguzi huko ina makovu: Januari 2001, baada ya watu kuuawa katika maandamano, Wapemba kama 2,000 walivuka bahari wakakimbilia Shimoni, kwetu hapa. Uchaguzi hufanywa kila baada ya miaka mitano, mwezi wa Oktoba. Chagua mwezi mwingine.

Februari kuna tamasha la muziki la Sauti za Busara na Julai kuna Mwaka Kogwa kule Makunduchi, lakini vyumba hujaa na bei hupanda. Masika, Machi hadi Mei, bei hushuka pamoja na mvua.

Mwisho, zawadi. Nunua viungo vilivyofungwa vizuri dukani au shambani Kizimbani: mdalasini, iliki, pilipili manga, na kapakiti ka karafuu. Gunia la karafuu, hata ukiuziwa kwa bei ya urafiki, liache hapo hapo. Karafuu ni zao ambalo serikali ya Zanzibar hulinunua yenyewe, na magendo ya kuvusha karafuu za Pemba hadi Mombasa ni hadithi ya miaka mingi ambayo maafisa wa bandarini wanaijua kuliko wewe. Mizigo hukaguliwa Unguja na tena Dar, kwa hivyo weka risiti zako karibu.