Woga Haufutwi: Yanayompasa Mzazi Kujua Kabla ya Ushauri Nasaha wa Mtoto

Ushauri nasaha wa watoto ni mazungumzo na mazoezi yanayoongozwa na mtu aliyesomea kazi hiyo, ili mtoto apunguziwe woga, huzuni au hasira inayomzuia kusoma, kulala au kucheza. Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, kwa hiyo mzazi ana haki ya kuuliza mshauri amesomea wapi na amesajiliwa vipi. Kwa familia ya Magwagwa, katika kaunti ya Nyamira, mlango wa karibu ni mwalimu wa ushauri na mwongozo shuleni, kisha hospitali kuu ya kaunti mjini Nyamira au ile ya rufaa mjini Kisii. Simu ya watoto, 116, haina malipo. Siri za mtoto hutunzwa hata mbele ya wazazi, isipokuwa usalama wake ukiwa hatarini.

Lililo muhimu kuliko hayo yote hutokea ndani ya ubongo. Mtoto aliyeng'atwa na mbwa akienda shuleni hujifunza woga siku hiyo hiyo. Amigdala, vifundo viwili vidogo ndani kabisa ya ubongo, hufunga pamoja mbwa, njia na maumivu. Kesho yake mtoto anakataa njia ile, mama anamwitia bodaboda, na moyo wa mtoto unatulia. Utulivu huo ndio mtego: ubongo unauhesabu kuwa ushahidi kwamba kukwepa kumemwokoa, na haupati nafasi ya kuona njia ikipitika salama. Huruma ya mzazi inaulisha woga.

Dawa yake ni kukikaribia kinachoogopwa kwa ngazi. Mwaka 1924 Mary Cover Jones, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika habari za Peter, mtoto wa karibu miaka mitatu aliyeogopa sungura. Peter alipewa chakula alichokipenda huku sungura akisogezwa kidogo kidogo, mpaka akaweza kumshika. Hata hivyo, woga uliotulia haujafutika. Ivan Pavlov, mwanasayansi wa Urusi, alikwisha kuona kwamba itikio lililozimwa hurejea lenyewe baada ya mapumziko. Sehemu ya mbele ya ubongo hujifunza somo jipya, "hapa pako salama", na somo hilo huituliza amigdala. Somo la zamani linabaki chini yake.

Mtoto wa Magwagwa analijua jambo hili kwa ulimi wake. Ekegusii alikikuta nyumbani, Kiswahili akakiongezea shuleni, na cha pili hakikukifuta cha kwanza. Darasani Kiswahili hutangulia. Akivuka kizingiti cha nyumba ya nyanya yake, Ekegusii hushika zamu. Akishtuliwa ghafla, hupiga yowe kwa Ekegusii hata akiwa katikati ya darasa. Likizo ikiwa ndefu, Kiswahili huwa kizito mdomoni. Na anayekisema darasani, sokoni na kanisani hukimudu kuliko anayekisikia kwa mwalimu mmoja tu. Usalama nao ni lugha ya pili. Hipokampasi, sehemu ya ubongo inayokumbuka mahali, huufunga na mahali ulipofunzwa, hivyo mtoto aliye jasiri chumbani kwa mshauri anaweza kutetemeka tena akifika langoni kwao.

Ndiyo maana mzazi hawezi kumwacha mtoto mlangoni na kurudi shambani kuchuma chai. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulifuata watoto 640 waliofiwa na mzazi huko Bungoma, Kenya, na Moshi, Tanzania. Washauri walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo, na walezi walikuwa na vikao vyao sambamba na vya watoto. Upande wa Kenya, nafuu ya dalili za kiwewe bado ilionekana mwaka mmoja baadaye. Upande wa Tanzania, wakati huo hapakuwa na tofauti kati yao na watoto waliopata huduma ya kawaida.

Wiki za mwanzo mtoto anaweza kulia zaidi, kwa kuwa anakaribia alichokuwa akikikwepa. Mshauri amweleze mzazi ni zoezi gani la wiki hiyo, lifanywe nyumbani, njiani na kwa jamaa, na mtoto aambiwe mapema anakokwenda na sababu yake. Woga ukirudi baada ya likizo, mazoezi huanzwa tena kwenye ngazi ya chini. Mtoto anayesema anataka kufa, au aliyeacha kula, apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.