Maumivu Yasiyotokea Kwenye Picha

Kupasuliwa utumbo ni habari njema ukiisikia kwa mbali. Mwanamke alifikishwa hospitali tumbo limejaa, utumbo umejisokota, akaingizwa chumba cha upasuaji usiku uleule, akapona. Kijijini walimpokea kwa kuku. Miezi minne baadaye bado anashika ubavu kila anapoinuka, na subira ya waliomchinjia kuku imeanza kupungua.

Wataalamu wa maumivu wameweka mpaka wa miezi mitatu. Yakiendelea zaidi ya hapo, na sababu nyingine kama maambukizi au saratani zimeondolewa, ni maumivu sugu ya baada ya upasuaji. Shirika la Afya Duniani limeyapa nafasi katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Kwa hiyo mgonjwa wa Laela au Namanyere, huku Ufipa nchini Tanzania, ana ugonjwa unaotambulika Geneva, hata kama zahanati ya kwao inaendelea kumwandikia Panadol.

Wanaomzunguka wana maelezo yao. Ya kwanza ni kwamba madaktari wamesahau mkasi tumboni. Vitu husahaulika kweli, mara nyingi kitambaa kuliko mkasi, na ni haki ya mgonjwa kuuliza. Anapigwa picha Sumbawanga mjini. Mwenye ndugu wa kumchangia nauli anafika hadi Mbeya, zaidi ya kilomita 300. Utrasaundi inasema yuko safi. Jibu hilo linamuumiza kuliko jibu baya, kwa sababu mume aliyeuza mahindi ili kulipia kipimo anaposikia "hana kitu," anaelewa kwamba mkewe anakwepa jembe. Na jembe la Ufipa si la mchezo: matuta ya kufukia nyasi hutengenezwa kwa kuinama, na anayeinama hukaza tumbo.

Kisha linakuja neno "makovu ya ndani." Ni kweli kwamba baada ya tumbo kufunguliwa, matumbo mara nyingi hushikana kwa nyuzi za makovu. Lakini wengi wenye makovu hayo hawasikii chochote, hivyo kuyakuta si ushahidi kwamba ndiyo yanayouma. Uholanzi walilipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 2003. Wagonjwa 100 wenye maumivu sugu ya tumbo na makovu ya aina hiyo waliingizwa kamera tumboni. Nusu hivi walikatwa makovu, waliobaki waliangaliwa tu wakafungwa. Baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu, bila tofauti ya maana kati yao. Familia inayotaka kuuza ng'ombe kwa ajili ya kisu cha pili ingesomewa kwanza habari hii, maana kila kisu huacha makovu yake. Anayetapika, tumbo likavimba, asipate choo wala kujamba, huyo ni mwingine: utumbo unaweza kuwa umeziba, na aende hospitali siku hiyohiyo.

Kipimo ninachokipenda hakihitaji umeme. Mwaka 1926 daktari wa upasuaji wa Philadelphia, Carnett, alieleza hivi: bonyeza kwa kidole mahali panapouma, kisha mwambie mgonjwa ainue kichwa akaze tumbo. Maumivu yakizidi, huenda yako kwenye ukuta wa tumbo, labda mshipa wa fahamu ulionaswa karibu na mshono, na utrasaundi ya matumbo haitaukuta. Sindano ya ganzi mahali hapo husaidia kuthibitisha, na mara nyingine hutuliza kwa muda mrefu. Ipo pia dawa ya amitriptilini, ambayo kwa dozi ndogo ya usiku hutuliza maumivu ya aina hii. Asipoelezwa vizuri, jirani atamwambia ni dawa ya wendawazimu, naye ataitupa na kurudia diklofenaki ya dukani, anayoimeza kama karanga mpaka imchimbe vidonda vya tumbo.

Mganga wa kienyeji simcheki, ingawa Watanzania wengine hawaishi kuutania mji wa Sumbawanga kwa uchawi. Yeye huketi na mgonjwa, humuuliza analalaje, nani hazungumzi naye, hofu yake ni nini. Hayo yote yana uzito, kwani woga na kukosa usingizi huongeza maumivu ya kweli. Ubaya ni kwamba jibu lake mara nyingi lina jina la jirani ndani yake.

Kinachobaki ni kupanga kazi. Apumzike kabla ya kuumia, si baada. Agawe tuta moja kwa asubuhi mbili. Apande na kupalilia huku mwingine akilima. Ndoo ya maji iwe nusu. Atembee kila siku, kwa sababu kulala tu hudhoofisha misuli na kuzidisha maumivu. Daktari angeyasema haya mbele ya mume na mama mkwe. Ruhusa ya kupumzika aliyopewa mgonjwa peke yake haivuki kizingiti cha nyumba yake.