Mtoto Asiyeitika Huenda Hasikii

Tulimkaripia mwanafunzi wetu mmoja wa chuoni hapa Malindi, tukimdhania mkaidi: huitwa asiitike, husomewa aya akazikosea herufi zake. Kumbe nyuma ya kiwambo cha sikio lake kulituama maji. Mola atusamehe.

Maji hayo si ya kuoga wala ya baharini, kama wengi wadhanivyo. Sikio la kati lina mrija uendao hadi nyuma ya pua, upitishao hewa. Mrija wa mtoto ni mfupi, mwembamba, tena umelala kuliko wa mtu mzima. Basi apatapo mafua, kama wakati wa baridi ya kusi, huvimba ukaziba, na majimaji yakakosa pa kutokea. Vinyama vya nyuma ya pua vikikua huuziba vilevile. Moshi wa sigara huzidisha, na kumnywesha mtoto chupa akiwa amelala chali.

Mafuta ya moto, enyi kina mama, hayafiki huko. Kiwambo huyazuia, nayo huweza kumuunguza mtoto. Aghalabu maji hukauka yenyewe katika miezi 3. Yakizidi hapo, au mtoto akichelewa kusema, mpelekeni hospitali apimwe usikizi.

Mwanafunzi wetu sasa twamkalisha safu ya mbele, tukimsomesha tumemwelekea uso.