Watu wa Maji na Pampu za Kurithi

Mtu akisikia kompyuta yako inapozwa kwa maji, hukosi kuulizwa mambo mawili. La kwanza: "Shemeji, maji na umeme wapi na wapi?" Hilo nalisamehe, ni swali la mtu mwenye akili. La pili huja akishaona picha za makasha ya vioo, mataa ya kila rangi na mirija iliyojaa kimiminika cha zambarau: kwamba hawa ni watu waliokosa pa kupeleka pesa. Hapo ndipo ninapokasirika, maana tunahukumiwa kwa wageni wetu wa juzi. Jamii hii ya watu wanaounda wenyewe mifumo ya maji ndani ya kompyuta zao, iliyotapakaa Marekani, Ujerumani na kwingineko, haikuanzia kwenye mataa. Ilianzia kwenye skrepa.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 vifaa vya dukani vilikuwa vya kuhesabu. Waliotaka kuziendesha prosesa zao kwa kasi kubwa kuliko iliyopangwa kiwandani walizidiwa na joto, na feni za wakati ule zilipiga kelele hadi mtu akashindwa kulala chumba kimoja na mashine yake. Basi wakaenda kwenye maduka ya spea za magari. Rejeta ya hita, ile ndogo inayokaa nyuma ya dashibodi kuwapasha joto abiria wakati wa baridi, ya Pontiac Bonneville au Chevrolet Chevette, ikawa mali. Pampu ilitoka kwenye tangi la samaki wa mapambo, na za Eheim ya Ujerumani ndizo zilizosifika. Kipande cha shaba kilichongwa kwenye karakana ya nyumbani, kikabanwa juu ya prosesa, maji yakapitishwa ndani yake. Fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, angeielewa kazi hiyo bila mkalimani. Kutumia kilichokwisha kutumika hakukuwa aibu. Ndiyo ilikuwa njia yenyewe.

Vya dukani vilipokuja, desturi haikufa. Mtu akiunda kompyuta mpya hununua ubao mama, prosesa na kadi ya grafiki, kisha hurudi kwenye boksi lake kutoa rejeta, tangi, fitingi na pampu. Pampu ndiyo yenye heshima kuliko vyote. D5, iliyotoka kwa Laing, kampuni ya Kijerumani, imekuwa ndani ya kompyuta za watu kwa takribani miaka ishirini. Laing ilinunuliwa na ITT mwaka 2009, mwaka 2011 ikaangukia Xylem, lakini pampu ikabaki ileile. Siri yake ni kwamba panga linalosukuma maji limekalia gololi ya kauri. Halina ekseli wala sili ya kuchakaa, na kilainishi chake ni maji yenyewe. Kwa sababu hiyo ni mwiko kuiwasha kavu, hata kwa sekunde chache. Mtu atakuazima bisibisi, atakugawia hata feni, lakini pampu aliyoihamisha mashine baada ya mashine hakupi mpaka akusikie ukiutaja mwiko huo kwa kinywa chako.

Mwiko wa pili ni alumini. Anayenunua kifaa kilichotumika haanzi na bei. Anauliza kilikaa na nani. Shaba na alumini zikikutana katika mzunguko mmoja, maji huzigeuza kuwa betri: alumini inaliwa polepole, na uchafu wake unazunguka hadi uzibe kila mahali pembamba. Ndiyo maana rejeta iliyong'olewa kwenye kipozeo kilichofungwa kiwandani huwa haipokelewi hata bure. Nyingi kati ya hizo ni za alumini, zimeishi na bamba la shaba kwa nguvu ya dawa iliyomo kwenye maji yao.

Sasa nije kwenye ibada ninayoipenda, yaani kuosha. Rejeta iliyokaa stoo hujazwa maji ya moto nusu, hufungwa matundu yote, hutikiswa mpaka mikono iume, kisha humwagwa kwenye ndoo. Ndoo iwe nyeupe, ili uone. Mara ya kwanza hutoka maji ya rangi ya chai, yenye vipande vya kutu ya kijani na mabaki ya dawa ya kulehemu. Hurudiwa hadi yanayotoka yafanane na yanayoingia. Mwenye haraka hutia siki nyeupe iliyozimuliwa, huiacha kidogo, halafu husuuza mara nyingi. Suuzo la mwisho ni la maji safi yasiyo na chumvi, yale ambayo kwetu huuzwa kwenye vituo vya mafuta kwa kuongezea betri (yale ya kuongezea, tafadhali, si ya asidi). Maji ya bomba huacha ukoga.

Bloku, kile kipande cha shaba kinachobanwa juu ya prosesa, hufunguliwa mezani, juu ya taulo. Kabla ya kugusa skrubu unapiga picha, kwa sababu kile kibamba chembamba kinachoelekeza maji katikati ukikirudisha kinyume, bloku itapoza vibaya na hutajua kwa nini. Ndani kuna meno ya shaba yaliyosimama kama ya kitana, na nafasi kati ya jino na jino haifiki nusu milimita. Humo ndimo ilimonasa historia yote ya mashine iliyotangulia. Utando mweupe unaonata ni kilainishi cha plastiki kilichotoka kwenye mipira ya bei rahisi. Ukiutazama vizuri utaelewa kwa nini wazee walihamia mipira myeusi ya EPDM isiyo na sura wala mapambo. Kijani ni mwani, au kutu ya shaba. Waridi ni masalia ya kile kimiminika cha picha nzuri. Husuguliwa kwa mswaki laini na sabuni ya vyombo, kwa kufuata mkondo wa meno, si kwa kuyakata. Shaba iliyopiga weusi hupakwa tomato sosi. Wageni hucheka wakifika hapa, lakini asidi na chumvi ya sosi ndizo zinazoula ule weusi, na uzito wake huifanya itulie ulipoipaka. Ila bloku yenye nikeli juu yake haiguswi na siki wala tomato, na kifuniko cha akriliki hakifutwi kwa spiriti: kinaingia nyufa ndogondogo ambazo utazigundua siku maji yanapodondokea kadi. Oringi iliyobapa hutupwa, hata mwenyewe awe bahili vipi.

Wapo watengenezaji wanaoiheshimu desturi hii. Kwa mashine za kawaida, Intel iliacha mashimo ya kufungia kipozeo katika mraba wa milimita 75 tangu 2009 hadi soketi yake ya 2020. Mwaka 2021 ikaja soketi ya LGA1700 na milimita 78. AMD walipotoka soketi ya AM4 kwenda AM5 mwaka 2022 walibakiza vipimo vilevile. Kwa hiyo, kwa Intel, milimita tatu tu ndizo zinazotenganisha bloku nzima ya shaba na jalala, na tiba yake ni kipande kimoja cha chuma. Anayekiuza kipande hicho kwa bei ya chakula cha mchana tunamkumbuka kwa jina. Asiyekiuza tunamkumbuka pia.

Mfumo ukishafungwa na kujazwa maji, kompyuta haiwashwi siku hiyo. Ubao mama na kadi huachwa bila umeme. Kwenye plagi ya pini 24 ya pawasaplai, waya wa kijani huunganishwa na mweusi kwa klipu ya karatasi, pampu ikazunguka peke yake. Karatasi za jikoni hutandazwa chini ya kila kiungo, zionyeshe panapovuja. Kasha hulazwa kushoto, hulazwa kulia, na viputo hutoka mafichoni kwenye rejeta vikipanda tangini. Wazee husema saa 24. Vijana wana pampu ndogo ya mkono yenye geji: hujaza hewa badala ya maji, hutazama mshale kwa dakika chache, wakaendelea na mambo yao. Kipimo chao ni kizuri na ni salama zaidi, sikatai. Lakini kimeondoa kukesha, na katika kukesha ndimo kijana alimokaa na mzee akaambiwa kwa nini fitingi hukazwa kwa vidole na si kwa spana.

Ubishi wa kipi kitangulie katika mzunguko, rejeta au kadi, siupi nafasi. Lita nne kwa dakika zikibeba wati 400 hupanda nyuzi moja na nusu hivi, panga utakavyo. Mataa weka ukipenda. Na anayetarajia maji yawe baridi kuliko hewa ya chumba chake, hasa akiwa Dar es Salaam mwezi wa pili, ajue rejeta haina uwezo huo.

Kinachoniuma ni kwamba boksi la zamani linazidi kukosa pa kwenda. Mwaka 2009 Corsair walitoa H50, kipozeo kilichojazwa na kufungwa kiwandani na Asetek ya Denmark, na tangu hapo wengi wamefuata njia hiyo. Kwa asiyetaka shida ni kitu kizuri. Lakini pampu yake ikifa, mara nyingi rejeta nzima huifuata jalalani. Halafu ikaja mirija migumu, inayokunjwa kwa moto kufuata kasha moja. Ukihama kasha, ni takataka. Yakaja mabamba makubwa ya akriliki ya kupitishia maji, yaliyochongwa kwa kasha la jina fulani tu. Bloku za kadi nazo siku hizi hufunika kadi nzima, hivyo huolewa na kadi moja maisha yao yote, wakati zile ndogo za zamani zilikaa juu ya chipu peke yake na kuhama kutoka kadi hadi kadi. Nakiri kwamba kadi ya wati 450 kama RTX 4090 ina joto hata kwenye kumbukumbu zake, na bloku pana inaipoza vizuri zaidi. Sigombi na hesabu. Nagomba na mtu anayeacha mbachao wake kwa msala upitao, kisha akaniambia mimi ndiye mfujaji.

Kitu kimoja bado hakijaguswa, nacho ni uzi wa G1/4, ule wa matundu yanayofungiwa fitingi. Rejeta ya Black Ice iliyotengenezwa na Hardware Labs ya Ufilipino miaka kumi na mitano iliyopita hupokea fitingi iliyonunuliwa wiki hii. Hata muuzaji wa kasha la vioo na bamba lake la akriliki analazimika kuyatoboa matundu kwa uzi huohuo, kwa hiyo pampu ya zamani ikitaka kuingia inaingia, mwenye kasha apende asipende.