Likoni: Mji Usio na Baraza Lake

Utangulizi

Neno "mji" lina maana zaidi ya moja katika Kiswahili cha pwani. Huweza kuwa nyumba na jamaa wakaao humo, huweza kuwa mtaa, na huweza kuwa jiji kubwa lenye bandari na mahakama. Maana zote hizo hukutana Likoni, upande wa kusini wa mlango wa Kilindini, mkabala na kisiwa cha Mombasa. Mkazi wa Likoni akivuka kwenda kisiwani husema "naenda mjini", ingawa kwa idadi ya watu yeye mwenyewe anatoka katika mji ulio mkubwa kuliko miji mingi ya Kenya.

Makala haya yananuia kueleza Likoni ni mahali gani, inaongozwa na nani, na kwa nini mkazi wake hupata taabu kujua mlango wa kubisha anapokuwa na haja. Mwishoni tutatazama nafasi ya lugha katika jambo hili, kwa kuwa ndiyo inayotuhusu zaidi sisi wanafunzi wa Kiswahili.

Likoni na watu wake

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka wa 2019, Kaunti ya Mombasa ilikuwa na watu 1,208,333. Kati yao, 250,358 walihesabiwa Likoni, yaani takriban mtu mmoja katika kila watano. Kaunti ndogo ya Mvita, inayokizunguka kitovu cha jiji kisiwani, ilikuwa na watu 154,171. Kimvita na Chidigo ni lugha za wenyeji, na pamoja nazo huzungumzwa lugha za watu waliokuja kutoka bara kutafuta kazi bandarini, viwandani na katika hoteli za pwani ya kusini. Kambi ya jeshi la wanamaji iko Mtongwe, na upande wa magharibi kuna Dongo Kundu, palipotengwa kuwa eneo maalumu la kiuchumi.

Hata hivyo, Likoni haielezeki bila ya kutaja ardhi. Sheria ya hatimiliki ya mwaka wa 1908 ilimtaka kila mwenye madai ya ardhi katika ukanda wa pwani aje ayathibitishe. Ardhi ambayo haikudaiwa kwa njia hiyo ilihesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Wengi wa Wamijikenda, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na haikuwa na karatasi, walijikuta maskwota katika makao ya wazee wao. Mfano unaojulikana sana Likoni ni shamba la Waitiki, lenye zaidi ya ekari 900, lililokaliwa na maelfu ya watu kwa miaka mingi hadi serikali ya kitaifa ilipolinunua na kuanza kuwagawia wakazi hatimiliki mwezi wa Januari mwaka wa 2016. Ghasia zilizozuka Likoni tarehe 13 Agosti 1997, ambapo kituo cha polisi kilivamiwa na watu wakauawa, haziwezi kutenganishwa kabisa na manung'uniko hayo ya ardhi, ingawa siasa za uchaguzi wa mwaka huo zilikuwa na mkono wake.

Kutoka kwa liwali hadi kwa gavana

Hadi mwaka wa 1963, ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa kisheria milki ya Sultani wa Unguja chini ya himaya ya Waingereza. Maliwali, mamudiri na makadhi walikuwa sehemu ya utawala uliowagusa raia moja kwa moja. Sambamba na hao, Mombasa ilipata bodi ya manispaa mwaka wa 1928, na bodi hiyo ndiyo iliyokuja kukua ikawa Baraza la Manispaa. Baada ya uhuru, baraza hilo liliendeshwa chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa. Kila wadi ilimchagua diwani wake, na madiwani wakamchagua meya miongoni mwao. Likoni haikupata kuwa na baraza lake. Ilipeleka madiwani ng'ambo. Hata hivyo ilitoa viongozi: Masoud Mwahima, aliyepata kuwa Meya wa Mombasa, ndiye aliyekuja kuwa mbunge wa Likoni kuanzia mwaka wa 2007 hadi 2017.

Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 iliyabadilisha haya yote. Baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, mabaraza ya miji yaliondoka na nafasi yake ikachukuliwa na serikali za kaunti. Mombasa ni kaunti nambari 001, yenye kaunti ndogo sita: Changamwe, Jomvu, Kisauni, Nyali, Likoni na Mvita. Wadi zote ni 30. Likoni ina tano, nazo ni Mtongwe, Shika Adabu, Bofu, Likoni na Timbwani.

Hapa msomaji na atue kidogo azitazame hesabu. Mvita nayo ina wadi tano. Tukigawanya, kila wadi ya Mvita ilikuwa na wastani wa watu 30,834 mwaka wa 2019, na kila wadi ya Likoni wastani wa watu 50,072. Kwa hiyo sauti ya mkazi wa Likoni katika Bunge la Kaunti ni nyembamba kuliko ya mwenzake wa kisiwani. Isitoshe, Sheria ya Miji na Majiji, kama ilivyorekebishwa mwaka wa 2019, huweka watu 50,000 kuwa kiwango cha chini cha manispaa na 250,000 kuwa kiwango cha chini cha jiji. Idadi si sharti pekee, lakini ni ajabu kwamba Likoni yenye watu wa kutosha jiji haina hata bodi ya mji.

Tukilinganisha na kwingineko, tofauti huwa dhahiri zaidi. Wilaya ya Los Angeles nchini Marekani ina miji 88 inayojitawala, mingi ikiwa vitongoji vya jiji kubwa. Mmoja wao, Vernon, ulihesabiwa kuwa na watu 222 tu mwaka wa 2020, nao una baraza lake la watu watano, sawa na idadi ya wawakilishi wanaochaguliwa na Likoni nzima. Hatusemi kwamba udogo ni dawa. Mji huo huo wa Vernon uliandamwa na tuhuma za ufisadi hata mwaka wa 2011 bunge la jimbo likajadili mswada wa kuuvunja, ingawa mswada huo haukupita. Tunachosema ni kwamba mkazi wa mji wa namna hiyo anajua ofisi ya baraza lake ilipo.

Nani anafanya nini?

Likoni ina safu mbili za utawala, na wengi hatuzitofautishi. Safu ya kwanza ni ya kaunti: gavana, msimamizi wa kaunti ndogo, msimamizi wa wadi, na mwakilishi wa wadi anayechaguliwa na wananchi kuketi katika Bunge la Kaunti. Safu ya pili ni ya serikali ya kitaifa: naibu kamishna wa kaunti, chifu na naibu wake. Kando yao yuko mbunge, ambaye eneo lake hupata fedha za hazina ya maendeleo ya maeneobunge iliyoanzishwa mwaka wa 2003.

Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, kaunti inasimamia zahanati na vituo vya afya, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, masoko, taka, taa za barabarani, barabara za kaunti na mitaro ya maji ya mvua. Shule za msingi na za upili, polisi na barabara kuu ni za serikali ya kitaifa. Kwa hiyo mzazi anayelalamikia chekechea humwendea mwakilishi wa wadi, na anayelalamikia darasa la kwanza hana budi kwenda kwingine, hata kama madarasa hayo mawili yako katika ua mmoja. Maji nayo husambazwa na kampuni ya kaunti, lakini sehemu kubwa ya maji ya Likoni hutoka katika visima vya Tiwi na chemchemi za Marere, zilizo katika kaunti jirani ya Kwale.

Mfano bora wa utata huu ni kivuko. Jedwali hilo hilo linataja vivuko miongoni mwa kazi za kaunti, isipokuwa masuala ya udhibiti wa safari za meli za kitaifa na za kimataifa. Hata hivyo, feri za Likoni zimeendelea kuwa mikononi mwa serikali ya kitaifa, kwanza kupitia shirika la feri na baadaye Mamlaka ya Bandari. Sababu inaeleweka kwa kiasi fulani, kwani mlango wa Kilindini ndio njia ya meli kuingia bandarini. Lakini matokeo yake ni kwamba njia kuu ya mkazi wa Likoni kwenda kisiwani, anayoivuka bure kwa miguu, haimo katika mamlaka ya viongozi wa kaunti anaowapigia kura. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilizama Mtongwe, watu 272 wakafa. Mwezi wa Septemba mwaka wa 2019 gari liliteleza kutoka katika feri ya Likoni, mama na mwanawe wakazama. Katika misiba ya namna hii, swali la nani wa kuulizwa ni swali la uhai.

Lugha ya bajeti

Tumalizie na lugha. Neno "diwani" ni la kale katika pwani hii: watawala wa Vumba Kuu, kusini ya Likoni, walijulikana kwa cheo hicho, nasi wanafasihi tunalijua pia kwa maana ya mkusanyiko wa mashairi. Baada ya mwaka wa 2013 neno hilo lilianza kusukumwa kando na kifupisho cha Kiingereza, hata katika vinywa vya watu ambao hawajui herufi zake zinasimamia nini. Kwa upande mwingine, "ugatuzi" na "kaunti" yameenea upesi. Kiswahili basi hakina upungufu wa maneno.

Upungufu uko katika nyaraka. Ibara ya 7 ya Katiba inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na Ibara ya 196 inalitaka Bunge la Kaunti kuwashirikisha wananchi. Sheria inataka mpango wa maendeleo wa mwaka uwasilishwe kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Nyaraka hizo kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza cha wahasibu. Mkazi wa Bofu huitwa mkutanoni atoe maoni juu ya kitabu asichoweza kukisoma, naye huishia kuomba taa na mtaro, kisha hurudi nyumbani bila kujua kama vimo au havimo.

Hitimisho

Likoni huenda isipate baraza lake karibuni, na mgawanyo wa wadi ni kazi ya tume ya mipaka. Lakini kuna jambo lisilohitaji tume. Vyama vya Kiswahili katika vyuo vyetu vina wanafunzi wanaojua kutafsiri, na baadhi yao wamezaliwa Likoni, Kisauni na Changamwe. Muhtasari wa kurasa nne, unaotaja kila wadi, mradi wake na kiasi kilichotengwa, ukitolewa kwa Kiswahili sanifu kabla ya mwisho wa Aprili, utamfaa mkazi kuliko hotuba nyingi. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Lakini anayeuliza ahitaji kwanza kujua kilichoandikwa.