Nimonia Inaweza Kurejea: Tusisitishe Tiba Homa Inaposhuka

Mtoto aliyekuwa akihema kwa shida ameanza kucheza, homa imeshuka na hamu ya kula imerejea. Ni siku ya tatu tu tangu aanze dawa. Katika kaya nyingi, huu ndio wakati ambapo vidonge vilivyosalia huhifadhiwa kwa ajili ya mgonjwa mwingine. Mzazi hafanyi hivyo kwa uzembe, bali kwa kuwa anamwona mwanawe amepona. Hata hivyo, kupungua kwa dalili si kwisha kwa ugonjwa.

Nimonia, au homa ya mapafu, ni maambukizi yanayovijaza usaha na majimaji vifuko vidogo vya hewa vilivyomo mapafuni. Dawa inapofanya kazi, homa hushuka ndani ya siku chache, lakini mapafu huhitaji wiki kadhaa kurejea katika hali yake. Kikohozi chepesi na uchovu vyaweza kuendelea katika kipindi hicho. Visipopungua, au homa ikirudi, mgonjwa arejeshwe kituoni.

Kwa nini hurejea?

Sababu ya kwanza ni dozi isiyokamilika. Bakteria waliosalia huzaliana upya, na huenda wakawa sugu kwa dawa. Amoksisilini anayopewa mtoto mwenye nimonia isiyo kali hutumika kwa kawaida kwa siku tano, nayo imalizwe kama mhudumu alivyoelekeza.

Sababu ya pili ni maambukizi mapya. Vimelea vinavyosababisha nimonia ni vya aina nyingi, hivyo kuugua mara moja hakumpi mtu kinga ya kudumu. Moshi wa kuni na wa sigara, lishe duni na surua huyadhoofisha mapafu zaidi.

Sababu ya tatu ni tatizo lililojificha. Nimonia inapomrudia mtu yuleyule mara mbili au zaidi ndani ya mwaka mmoja, yapasa kuuliza ni nini kinachoifungulia mlango. Huenda ni kifua kikuu, maambukizi ya VVU, selimundu, pumu au kasoro ya moyo. Kwa mzee aliyepata kiharusi, chakula huweza kupenya katika njia ya hewa. Mtoto naye huweza kupaliwa na karanga au punje ya hindi ikanasa ndani, na nimonia ikawa inarudi sehemu ileile ya pafu. Kununua dawa ileile dukani kila mara huchelewesha kugunduliwa kwa chanzo.

Dalili za kuzingatia

Dalili ya mvua ni mawingu. Hesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima akiwa ametulia. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa mwenye umri wa mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza miaka mitano, ni ishara ya kumpeleka kituoni. Kifua kinachobonyea anapovuta pumzi, kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, degedege na kulegea ni dalili za hatari. Apelekwe mara moja, usiku au mchana.

Mtu mzima asipuuze maumivu makali ya kifua, kuhema au makohozi yenye damu. Kwa mzee, kuchanganyikiwa kwa ghafla kwaweza kuwa dalili hata pasipo homa.

Huduma zilizopo

Chanjo ya kukinga nimonia, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2013, hutolewa bila malipo mtoto anapotimiza wiki 6, 10 na 14. Aliyekosa dozi apelekwe kliniki akiwa na kadi yake. Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi achunguzwe kifua kikuu; uchunguzi na matibabu yake ni bila malipo.

Wananchi wanakumbushwa kurudi zahanati au kituo cha afya siku ya marudio waliyopangiwa, hata kama mgonjwa anaonekana mzima. Mweleze mhudumu ni mara ngapi ameugua, lini, na alitumia dawa gani. Maelezo hayo machache ndiyo humwezesha mhudumu kutambua iwapo nimonia hii ni mpya, au ni ile ya awali ambayo haikuwahi kwisha.